Besi ya Koo

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana. Nimetega ndoo mbili karakanani, moja chini ya tundu la zamani na moja chini ya tundu jipya. Nafungua daftari hili kwa sababu lile la zamani limejaa vipimo na halina tena nafasi ya maneno.

Jambo la kwanza liandikwe, likae mahali pake. Kwa miaka kumi na tisa nimeunda na kutengeneza vifaa vyote vya bendi anayopigia kaka yangu: spika kumi na nne, vikuza sauti sita, na nyaya ambazo zikiungwa pamoja zitazunguka mtaa huu mara mbili. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kufungua redio zilizokufa, na nyingine nilizoziua mwenyewe. Kila onyesho kaka husogea kwenye maiki na kusema, "Vyombo vyetu vyote vimetoka ng'ambo, jamani!" Watu hupiga makofi. Wakati huo mimi niko nyuma ya jukwaa nimepiga magoti, nabadilisha fyuzi.

Juu ya rafu kuna kopo. Ndani yake mna vibao vya chuma nilivyobandua kwenye mitambo ya kigeni iliyokufa, kila kimoja na jina la kampuni ya mbali. Nikimaliza spika, kaka huchagua kibao, nami hukifunga mbele. Anasema wenye kumbi hawaheshimu mbao za nyumbani. Huenda ni kweli. Hatujawahi kujaribu tukaona.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Pasi ya kulehemu imegoma kupata moto.

Jumatatu, 10 Machi

Kaka amekuja na wifi. Bandeji imetolewa. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto havikunji, na daktari amemwambia asitegemee kuwa vitakunja.

Ilitokea Desemba kwenye ngazi za ukumbi. Spika namba tisa, kilo 41, ilimwangukia mkononi. Aliibeba peke yake, ingawa kwenye kila spika nimeandika kwa rangi nyekundu WATU WAWILI. Watu wote amewaambia kwamba aliteleza. Amepiga gitaa la besi miaka ishirini na miwili, na mashabiki humwita Nguzo kwa kuwa bendi nzima imemwegemea. Gitaa linataka vidole vinne vya kushoto. Yeye amebaki na kimoja na gumba.

Ukumbi umefungwa hadi mvua ziishe. Kiongozi wa bendi amemwekea nafasi yake hadi siku ya ufunguzi, Jumapili ya tarehe 1 Juni. Siku hiyo ikifika na hana namna ya kupiga, atachukuliwa mtu mwingine.

"Wifi, nakuomba ukae na huyu mpaka jioni," wifi akaniambia akikung'uta mwavuli. "Kule nyumbani amegeuka redio isiyo na swichi."

"Mimi si mzigo," kaka akasema.

"Mzigo ungenyamaza."

Nikaelewa baadaye. Kaka hukoroma noti zake mdomoni akipiga, na hata asipopiga. Alikaa kwenye kigoda mimi nikiwa nahangaika na pasi, akakoroma nyimbo tatu nzima, noti kwa noti, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Mkono umesahau kazi, koo bado linaikumbuka.

Jumatano, 12 Machi

Sauti ni mtetemo. Mtetemo unahesabika. Kitu kinachohesabika naweza kukipitisha kwenye waya.

Nitaunda kisanduku kitakachosikiliza koo la kaka, kihesabu linatetema mara ngapi kwa sekunde, kisha kiiambie kinanda cha umeme kipige noti hiyohiyo kwa sauti ya besi. Akikoroma kwa nguvu, kinanda kipige kwa nguvu. Akinyamaza, kinyamaze.

Nimemweleza. Amesikiliza huku akitazama vibao kwenye kopo.

"Hicho kisanduku kitafungwa kibao gani?" akauliza.

Jumatatu, 17 Machi

Jaribio la kwanza, kwa maiki ya kawaida. Kisanduku kimesikia mvua juu ya bati kikaifuata. Mvua imepiga besi dakika kumi na moja. Nimewahi kusikia wapigaji wabaya zaidi.

Ijumaa, 21 Machi

Maiki haifai. Nimetoa kisahani cha shaba ndani ya kengele ya mlango iliyoharibika. Kikigusa ngozi ya koo hunasa mtetemo wa koo tu, hata kama nje kuna gharika. Wifi amekishonea mkanda wa lastiki. Nilimuuliza lastiki imetoka wapi. Akasema, "Wifi, wewe pima mitetemo yako. Nguo zangu niachie mwenyewe."

Kaka ana mafua na kikohozi. Daktari amemkataza kutumia sauti wiki mbili.

Jumamosi, 22 Machi

Ndoo ya tatu.

Jumatano, 2 Aprili

Kwa kuwa kaka bado amenyamazishwa, najaribu kwa koo langu. Sijaimba mbele ya mtu tangu nikiwa na miaka tisa. Wakati huo kaka alikuwa na kumi na tatu, na aliniita Mbu kwa sababu ya sauti yangu nyembamba. Jina lilishika hadi leo, na kila mtu kwenye bendi analitumia isipokuwa Kiongozi, ambaye huniita fundi.

Sauti yangu haifiki chini, kwa hiyo nimekiamuru kisanduku kishushe kila noti oktavu mbili, yaani kutoka do hadi do ya chini yake, kisha tena hadi do nyingine. Ninaimba kama mbu, spika inajibu kama ng'ombe. Noti 200, makosa 3. Nimepima muda kati ya koo langu na spika: hauzidi milisekunde 27, hata kwenye noti zangu za chini kabisa. Sikio halitambui.

Nimeandika "TAYARI" kwenye ukurasa wa vipimo na kupiga mstari chini yake.

Jumatano, 9 Aprili

Kaka amepona. Nikamwita pia mpiga dramu, mtu mnene mpole ambaye watu humwita Mchi, ili wajaribu pamoja. Nikakigeuza kisanduku kishushe oktavu moja tu, kwa kuwa sauti ya kaka iko chini tayari.

Walianza. Kaka alifumba macho. Kila noti ilikuwa sahihi, na kila noti ilichelewa. Mchi akavumilia wimbo mmoja, akaweka fimbo mapajani.

"Nguzo, ndugu yangu, usikasirike. Besi yako inafika kama mgeni rasmi. Watu wote tumeshakaa."

"Mimi nimeimba kwa wakati!"

"Sikukatai. Njiani huko ndiko umekutana na jamaa."

Kaka akavua mkanda akautupa mezani. "Mbu, wiki nne hizi ulikuwa unafanya nini? Kidude kibovu."

Nilipima. Milisekunde 45. Kisanduku kizima, nyaya nzima, kila kitu kizima.

Alhamisi, 10 Aprili

Kosa ni langu, na liandikwe. Nilipima kwa koo lililokuwepo chumbani badala ya koo litakalotumika. Ni sawa na fundi viatu kujishonea mwenyewe kisha akashangaa mteja anachechemea.

Hesabu yake hii hapa. Ili kisanduku kijue noti, lazima kione mitetemo mitatu kamili. Noti ya chini ya kaka hutetema mara 82 kwa sekunde, kwa hiyo kila mtetemo huchukua milisekunde 12. Mitatu ni 36. Kinanda huongeza 9. Jumla 45. Mimi nikiimba oktavu moja juu yake, mtetemo wangu huchukua 6. Mitatu ni 18, na 9, jumla 27. Sauti nzito inachelewa kwa sababu ni nzito. Hakuna pasi ya kulehemu inayotibu hilo.

Mchi amekubali kufungwa macho kwa kitambaa. Nimechelewesha besi kidogo kidogo bila kumwambia, yeye akisema "sawa" au "imechelewa". Mara 60. Chini ya 30 hasikii kitu. Juu ya 35 anakunja uso hata kabla ya kusema.

Kwa hiyo 30 ndiyo mstari. Kaka yuko upande wa pili wa mstari.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia kaka dawa: aimbe oktavu moja juu ya sauti yake, kisanduku kishushe mbili. Kwenye noti za juu za besi itabidi aache kifua aende kwenye sauti nyembamba kabisa.

"Sauti nyembamba ipi?"

"Kama yangu."

Akacheka, kisha akaona sicheki.

"Mimi Nguzo, niimbe kama Mbu mbele za watu?"

"Hakuna atakayekusikia. Watasikia spika."

"Mchi atanisikia. Kiongozi atanisikia. Mstari wa mbele wote watanisikia. Tengeneza kidude, Mbu. Usinitengeneze mimi."

Akaondoka bila mwavuli.

Jumanne, 15 Aprili

Nimejaribu kukifanya kisanduku kiamue kwa mitetemo miwili badala ya mitatu. 24 na 9 ni 33. Bado hakijavuka mstari, na sasa kinakosea noti moja katika kila tisa. Kinaruka juu ghafla kama mtu aliyekanyaga moto.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua. 33.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. 32. Moja katika kila saba.

Jumamosi, 26 Aprili

Saa tano asubuhi nilikuwa nimevaa mkanda, napima tena kwa koo langu ili nipate namba ya kulinganisha. Kupima noti mojamoja kunachosha, nikaona niimbe wimbo mzima. Kisha wa pili. Besi ilijaza karakana hadi makopo yakawa yanatembea kwenye rafu.

Nilipogeuka, Kiongozi alikuwa amesimama mlangoni akichuruzika maji. Alikuja kuchukua kikuza sauti.

"Nani alikuwa anapiga?"

Nikanyoosha kidole kooni.

"Rudia ule wa pili."

Nikarudia. Alipiga mguu chini wakati wote, na mguu wake haukusubiri hata mara moja. Nilipomaliza alikung'uta maji kwenye kofia, polepole.

"Fundi, kaka yako ni ndugu yangu. Lakini tarehe moja nataka besi, sitaki historia. Uje wewe."

"Mimi si mwanamuziki."

"Nimefanya kazi na wanamuziki miaka thelathini. Unachokosa ni ubishi tu, nao utaupata."

Nikasema nitafikiri. Alipoondoka sikuvua mkanda hadi saa kumi jioni.

Miaka kumi na tisa nyuma ya jukwaa. Naiandika tu namba hiyo, ilivyo.

Jumatano, 30 Aprili

Nyimbo kumi na moja.

Jumamosi, 3 Mei

Nyimbo kumi na nne. Programu nzima ina ishirini na mbili. Kaka hajaonekana. Wifi amepita kuniletea lastiki nyingine, akasema nyumbani kumekuwa kimya. Nilidhani anashukuru.

"Hapana, wifi," akasema. "Nilikuwa nalalamika tu kwa kuwa nimezoea. Sasa hakoromi hata akioga."

Sikumwambia kuhusu Kiongozi. Hakuuliza, kwa hiyo sikudanganya. Nimeisoma sentensi hii mara mbili na sijaipenda.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Kumi na sita.

Jumatatu, 12 Mei

Stoo ya ukumbi imevuja. Vijana wawili wa ukumbini wameniletea spika tatu zilizolowa nizikaushe, na namba tisa ni mojawapo. Sikuwa nimeiona tangu Desemba.

Naandika kwa mpangilio.

Kwanza, mbao. Zimevimba chini, si sana. Pili, koni, ile karatasi inayotoa sauti, nzima. Tatu, kibao cha mbele, kipo, skrubu nne zimekaza. Nne, mshikio wa kushoto haupo mahali pake. Ulikuwa umetupwa ndani ya spika kupitia tundu la nyuma, umelala humo pamoja na nyaya.

Nikauchukua. Mshikio hufungwa kwa skrubu nne, milimita 25, mbili juu na mbili chini. Nikatazama mashimo kwenye mbao. Mawili ya chini yamechanika, mbao imetoka vipande, kama inavyotakiwa kuwa mzigo ukizing'oa skrubu kwa nguvu. Mawili ya juu ni safi. Kingo zake ziko nzima, na ndani kumeingia vumbi. Shimo lililonyang'anywa skrubu kwa nguvu haliwi hivyo. Mashimo hayo hayakuwa na skrubu siku ile.

Kilo 41 zilining'inia kwenye skrubu mbili.

Nikashusha daftari la zamani. Ninaandika kila kitu, ndiyo tabia yangu, na siku nyingine huwa ni tabia mbaya. Ukurasa wa Novemba, tarehe 14, mwandiko wangu: *Kibao spika na. 9. Skrubu zimeisha. Nimetoa 2 kwenye mshikio kushoto. KURUDISHA.* Nilipiga mstari mara mbili chini ya neno la mwisho. Ilikuwa siku ya onyesho, na kaka alitaka kibao kiwe kimefungwa kabla ya saa tisa. Nilikifunga. Baada ya hapo hakuna mahali nilipoandika kwamba nimerudisha, kwa sababu sikurudisha.

Hakuteleza. Mshikio uling'oka ukambakia mkononi, spika ikamgeukia.

Kwa miezi mitano nimemlaumu kwa maandishi mekundu. Watu wawili, nilisema. Wangekuwa wawili, nani kati yao angeshika upande wa kushoto?

Swali la pili ni zito zaidi, nalo ni kwa nini alisema aliteleza. Mtu aliyeangukiwa na spika, mshikio wake ukiwa ungali mkononi mwake, hawezi asijue. Labda maumivu yalimfanya asione. Nimeliandika jibu hilo kwa sababu ndilo linalonifaa.

Vijana waliniuliza kama nitaufunga mshikio leo. Nikawaambia wairudishe spika hivyohivyo ikikauka, waibebe kwa chini, watu wawili. Mshikio nimeuacha mezani.

Jumanne, 13 Mei

Sijavaa mkanda.

Jumatano, 14 Mei

Sijavaa mkanda. Ndoo zimejaa, nikazitazama zikimwagika.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekwenda kwa kaka. Wifi alikuwa anaanika nguo sebuleni, kamba imepita juu ya viti vyote, na kaka amekaa chini ya mashuka kama mtu aliye hemani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kunipima?"

"Kiongozi anataka nipige mimi besi tarehe moja."

Wifi akaacha kubana nguo. Kaka akasogeza shuka pembeni ili anione.

"Wewe?"

"Mimi."

"Amekwambia lini?"

"Aprili, ishirini na sita."

Akahesabu. Hesabu tumerithi wote. "Siku kumi na tisa umekaa nayo."

"Ndiyo."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba nitafikiri."

"Na umefikiri?"

"Nimejifunza nyimbo kumi na saba."

"Zimebaki tano tu, Nguzo," wifi akasema, "halafu wewe na mimi tukae mstari wa mbele tupige makofi. Nitakushikia soda."

Kaka hakucheka. "Kwa nini unaniambia leo?"

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa na mashimo mawili safi. Nililifikisha hadi kwenye meno likarudi. Nikasema, "Nafasi ni yako hadi tarehe moja. Ukiikataa, uikatae mwenyewe. Isichukuliwe nyuma yako."

"Na nisipoikataa, niimbe kama Mbu."

"Kama Mbu."

"Wewe utanisikia."

"Nimekusikia miaka arobaini, kaka. Hii itakuwa wiki mbili."

Akarudisha shuka mahali pake. Wifi akanisindikiza hadi mlangoni na hakusema lolote la kuchekesha, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Ijumaa, 16 Mei

Saa moja asubuhi kaka alikuwa mlangoni kwangu, mvua mgongoni.

"Funga mlango," akasema. "Na dirisha."

Akavaa mkanda mwenyewe, kwa mkono wa kulia, gumba na kidole kimoja vya kushoto vikisaidia. Akasimama kuelekea ukutani. Noti ya kwanza ilipasuka kama ya jogoo mchanga anayejifunza kazi. Ya pili ikapasuka. Nilicheka mara moja, nikiwa nimeinama kwenye nyaya. Ya tatu ikakaa, nyembamba, inatetemeka, na nyuma yake spika ikatoa besi pana iliyonyooka.

Akageuka. "Ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Tena."

Tulifanya kazi hadi saa saba. Sauti ile nyembamba si mbaya akiisahau. Akikumbuka kwamba ni yake, inapasuka.

Jioni nimempigia Kiongozi kumwambia mpiga besi wake anarudi. Akauliza kama nina hakika. Nikampa namba.

Jumatano, 21 Mei

Amekuja kila siku. Leo dirisha amelisahau wazi. Noti 200, makosa 6.

Jumapili, 25 Mei

Mazoezi ya bendi nzima. Mchi alimsikia kaka akipanda kwenye sauti ya juu, akapiga dramu za wimbo mzima huku amemgeuzia mgongo, mabega yanatikisika. Wimbo ulipoisha kaka akamwambia, "Cheka, umalize leo." Mchi akacheka akamaliza. Kisha akasema, "Lakini mgeni rasmi amefika wa kwanza, jamani."

Jumatano, 28 Mei

Mvua kidogo asubuhi. Ndoo moja.

Jumapili, 1 Juni

Ufunguzi, saa tisa alasiri. Jua. Watu kama 340, nilihesabu viti nikajumlisha waliosimama.

Mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa, mahali pangu, na fyuzi mfukoni. Kutoka pale namwona kaka kwa ubavu. Alivaa shati la kola ya juu ili kuficha mkanda. Kwenye wimbo wa kwanza alikuwa mgumu kama kabati. Kwenye wa tatu kuna mahali besi inapanda hadi noti zake za juu kabisa, naye akapanda, mdomo wazi, shingo imenyooka, na wasichana wawili wa mstari wa mbele wakasikia ile sauti nyembamba iliyo chini ya besi wakaangaliana, wakaziba midomo. Aliwaona. Nilimwona akiwaona. Noti haikupasuka. Akafungua kifungo cha kola kwa mkono wa kulia, mkanda ukaonekana, akaendelea.

Baada ya wimbo wa nne ndipo husogea kwenye maiki na kusema kauli yake kuhusu ng'ambo. Alisogea. Alivuta pumzi. Alitazama spika namba tisa, iliyokuwa mbele yake upande wa kushoto, haina mshikio. Neno ng'ambo halikutoka; akataja wimbo unaofuata.

Nyimbo ishirini na mbili. Noti sikuhesabu. Fyuzi haikukatika hata moja, nikabaki nimesimama tu nasikiliza.

Jumanne, 3 Juni

Mvua haijanyesha siku sita. Ndoo nimezigeuza kifudifudi.

Kaka amekuja peke yake. Alitoa mfukoni kibao cha spika namba tisa akakiweka mezani, jina la kampuni likiangalia chini. Kisha akatoa skrubu nne, akazipanga moja moja kando ya mshikio uliokuwa umelala pale tangu Mei.

"Mbili ni za kisanduku chako," akasema. "Geuza hicho kibao, ukate, uandike jina lako upande wa nyuma. Mbili zirudishe zilikotoka."

Nilizitazama skrubu. 

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nikiwa chini ya spika. Mshikio nilikuwa nao mkononi, skrubu mbili zinaning'inia. Nikauficha ndani kabla watu hawajafika."

"Ukasema uliteleza."

"Ningesema nini, Mbu? Kibao nilikitaka mimi. Uliniambia skrubu zimeisha, nikakwambia toa popote."

Hilo silikumbuki. Nimefungua daftari la zamani, tarehe 14 Novemba. Halimo. Niliandika skrubu, sikuandika aliyesema nini. Huenda alisema kweli, au huenda ni jibu analonipa ili tugawane. Sina chombo cha kupima hilo.

"Pasi yako inatoa moshi," akasema, akitazama dirishani. "Macho yataharibika."

Pasi ilikuwa haijachomekwa.

Alipoondoka nimekwenda ukumbini, nimeufunga mshikio kwenye namba tisa kwa skrubu zile mbili na kuongeza mbili mpya, ndefu zaidi. Nimeuning'inizia kilo 41, kisha 60, kisha nikauvuta kwa mikono na mguu ukutani. Haukutoka.

Kibao kipya cha kisanduku ni sentimita sita kwa mbili. Jina langu lina herufi saba. Kaka amemtuma wifi aniambie tuongeze na la baba, kwa kuwa ni letu sote. Limeingia langu, limekaa katikati, na kila upande imebaki sentimita moja na nusu. Nimemjibu kwamba nafasi haitoshi.